Dredd ya mwaka 2012 haikupata sehemu ya pili: je, tamthilia ya bajeti ndogo ingeweza kuiendeleza?

Mwana wa Uyole (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Uyole, ambako ukungu haujainuka tangu alfajiri na duka langu la kuchapa na kudurufu halijaingiza mteja hata mmoja, kwa hiyo nimepata wasaa wa kuandika jambo ambalo nimelibeba kwa muda mrefu bila kupata mtu wa kunijibu.

Wengi wetu tuliiona filamu ya Dredd ya mwaka 2012 katika vibanda umiza. Mimi niliiona Mwanjelwa, juu ya benchi lisilo na egemeo, huku sauti ya stelingi ikiwa imefunikwa na sauti ya mtafsiri aliyempachika maneno ambayo, nilipokuja kuipata nakala isiyotafsiriwa, niligundua kuwa Dredd hakuwahi kuyasema. Picha ilipokwisha tulimuuliza mwenye kibanda kama anayo sehemu ya pili, naye akatujibu kwamba inakuja. Mpaka leo inakuja.

Kwa asiyeifahamu, Dredd ni askari na hakimu kwa wakati mmoja katika jiji la baadaye liitwalo Mega-City One, ambako akikukamata anakuhukumu papo hapo barabarani. Asili yake ni jarida la katuni la Uingereza liitwalo 2000 AD, alikoanza kuonekana mwaka 1977 kutokana na kazi ya mwandishi John Wagner na mchoraji Carlos Ezquerra. Filamu hiyo, iliyoandikwa na Alex Garland na kuigizwa na Karl Urban, inamfungia Dredd pamoja na mwanagenzi wake Anderson ndani ya jengo moja la ghorofa 200. Mwanamke aitwaye Ma-Ma, anayelitawala jengo hilo, anafunga milango yote na kuwatangazia wakazi kwa vipaza sauti kwamba majaji hao wawili wauawe. Kisa chote ni hicho. Hakuna kuokoa dunia, hakuna jeshi linalotoka angani.

Ilirekodiwa Afrika Kusini, gharama yake hutajwa kuwa kati ya dola milioni 30 na milioni 45, na kumbi za dunia nzima zikaingiza takriban milioni 41. Ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya fedha za mlangoni hubaki kwa wenye kumbi, utaona kwamba wenye mali walikula hasara. Baadaye iliuzika vizuri kwenye diski, mashabiki wakatia saini maombi ya sehemu ya pili, na mwaka 2017 Rebellion, kampuni inayolimiliki jarida, ikatangaza kwamba itatengeneza tamthilia ya televisheni iitwayo Judge Dredd: Mega-City One. Hatujaiona hata episodi moja.

Swali langu ni hili: filamu iliyotokana na katuni ikishindwa kupata fedha za sehemu ya pili kumbini, je, kuiendeleza kama tamthilia ya bajeti ndogo ni kuiokoa au ni kuifedhehesha? Mimi binafsi ninaogopa. Nimeona mara nyingi stelingi wa sinema akihamishiwa televisheni, akabadilishwa sura, akanyang'anywa magari na milipuko, kisha akabaki kuzungumza ofisini episodi nzima. Naomba wenye uzoefu wanisaidie, tena bila kunionea huruma.

---

Mzee wa Mlandege

Mwanangu wa Uyole, nianze na kuungama. Mimi niliwahi kuendesha kibanda hapa Iringa, na hao wanaosema "inakuja" ni sisi. Tulisema hivyo kwa kila picha iliyopendwa, kwa sababu mteja aliyeambiwa "hakuna" harudi kesho.

Sasa hoja yako. Woga wako una msingi, ila naona umeuelekeza mahali pasipo pake. Tamthilia nilizoziona zikianguka zilikuwa na fedha za kadiri, lakini zilianguka kwa sababu ziliendelea kutamani kuwa sinema.

Chukua Blade, yule mwindaji wa wanyonya damu. Filamu tatu, za mwaka 1998, 2002 na 2004, zilibebwa na Wesley Snipes, ambaye akiingia tu mlangoni na koti lake jeusi kibanda kizima kilikuwa kinanyamaza. Mwaka 2006 kikaja kisa hicho katika televisheni ya Spike ya Marekani, Blade akiwa ni mwigizaji mwingine, msanii wa rapu ajulikanaye kama Sticky Fingaz. Sitaki kumdharau kijana wa watu, maana alijitahidi. Lakini mapigano ya Blade ndiyo yaliyokuwa Blade, na mapigano ya namna ile huhitaji siku nyingi za mazoezi na za kurekodi, siku ambazo televisheni haina. Matokeo yake sehemu kubwa ya kisa ikahamia kwa mwanamke aitwaye Krista, aliyepenyezwa miongoni mwa wanyonya damu, na mwenye jina lake akawa kama mgeni mwalikwa katika nyumba yake mwenyewe. Haikuvuka sizoni moja.

Ipo na hatari ya aina nyingine, ambayo ni ile ya kuishi chini ya kivuli cha filamu inayoendelea kutengenezwa. Tamthilia ya Agents of S.H.I.E.L.D. ilianza mwaka 2013 ikimtumia Coulson, yule ofisa aliyeuawa katika filamu ya The Avengers mwaka mmoja kabla, naye akarudishwa hai na mwigizaji yule yule, Clark Gregg. Mwanzo mzuri, sivyo? Lakini waandishi wake walijua kwamba filamu ya Captain America ya Aprili 2014 ingelifumua shirika lote la kina Coulson kutoka ndani, kwa hiyo kwa miezi kadhaa walilazimika kuzungukazunguka na visa vidogo ili wasiitangulie filamu. Watazamaji wengi walikimbia kipindi hicho. Waliobaki walilipwa, kwa sababu kazi ilipopata uhuru wake ilinoga na kufika sizoni saba na episodi 136, lakini filamu zenyewe hazikuwahi kugeuka nyuma kuitambua. Tamthilia ilikuwa inaijua filamu, filamu haikuijua tamthilia, kama mtoto wa nje anayehudhuria kila msiba wa ukoo.

Kwa Dredd hatari hiyo ya pili haipo, kwani filamu ile ya mwaka 2012 haikuwa na sehemu ya pili ya kungojewa. Na hatari ya kwanza ni ndogo kuliko unavyodhani, kwa sababu umekwisha kujijibu mwenyewe pale uliposema kisa kizima kimo ndani ya jengo moja. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na Dredd ya mwaka 2012 ilijikuna pale pale ilipofikia. Mega-City One yote ni majengo ya namna ile. Episodi ya kwanza jengo hili, ya pili jengo lile, na seti ni ile ile iliyopakwa rangi nyingine na kubadilishwa taa. Snowpiercer, iliyotokana na katuni ya Kifaransa ya mwaka 1982, iliingia kwenye filamu mwaka 2013, na mwaka 2020 ikaanzishwa upya kama tamthilia iliyofika sizoni nne, yote yakitendeka karibu kabisa ndani ya treni. Yeyote aliyesafiri na TAZARA kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, tena daraja la tatu, anajua kuwa behewa moja lina visa vya kutosha mwaka mzima.

---

Fundi Kamera wa Kihesa

Ninaunga mkono hoja ya Mzee, ila ningependa kuongeza mambo ambayo mtu huyajua akiwa ameshika kamera, kwa sababu suala hili nimelipitia kwa kiwango changu kidogo sana.

Rafiki yangu alikuwa akichora katuni kwenye madaftari ya shule, kuhusu mlinzi wa usiku asiyevua helmeti ya pikipiki, anayeamua kesi za mtaa kabla polisi hawajafika. Ndiyo, alikuwa ameathiriwa na huyo huyo Dredd, hatukatai. Tuliitengeneza kama filamu ya dakika sabini kwa fedha za mfadhili mmoja, tukatumia takriban shilingi milioni nne, tukakodi taa, tukalisha watu, tukaionyesha mara mbili, na mfadhili akaacha kupokea simu. Mwaka uliofuata tukaamua kuiendeleza kwa vipande sita vya dakika kumi kumi, kwa simu ya mkononi na shilingi laki sita, ndani ya pagala la ghorofa moja ambalo mwenyewe alituruhusu kulitumia kwa sharti kwamba tusiguse saruji yake.

Jambo la kwanza nililojifunza ni helmeti. Kwenye karatasi tulidhani ni baraka, kwa sababu yule mwigizaji wa awali alikuwa amehamia Dodoma kikazi, nasi tukasema hakuna neno, avalishwe mwingine mwenye kimo kile kile. Tukarekodi kipande cha kwanza, tukawaonyesha majirani. Mama mmoja muuza vitumbua hakufikisha hata dakika mbili. "Huyu siye yule," alisema, na alipoulizwa amejuaje akatuambia kwamba yule wa kwanza alikuwa akigeuka na mabega kabla ya kichwa, na huyu anageuza kichwa kwanza. Nilirudi kuitazama filamu yetu na nikaona ni kweli. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema kwamba Dredd anaweza kuchezwa na yeyote kwa kuwa sura yake haionekani, ninamkumbuka mama yule. Karl Urban hakuvua kofia filamu nzima, kama katuni inavyotaka, na kwa sababu hiyo alilazimika kuigiza kwa kidevu, kwa shingo na kwa sauti. Ukimbadilisha yeye umebadilisha kila kitu kilichobaki.

(Na kwa wanaotaka kujaribu huku kwetu kwenye baridi: kioo cha helmeti hufunga ukungu mara tu mwigizaji anapoanza kuzungumza. Paka povu la sabuni kwa ndani, liache likauke kidogo, kisha ulifute kwa kitambaa kikavu. Litakupa dakika ishirini.)

Jambo la pili ni lipu. Kati ya kipande cha pili na cha tatu, mwenye pagala alipata fedha, mafundi wakaingia, na tuliporudi Jumamosi tukakuta kuta zote zimepigwa lipu nzuri nyeupe, wakati katika kipande cha pili adui alikuwa amejificha nyuma ya tofali zilizo wazi. Kwenye sinema yenye fedha ungejenga ukuta upya. Sisi tulikaa juu ya mifuko ya saruji tukaandika upya kisa: mlinzi anarudi kazini, anagusa ukuta, anauliza nani amelipia lipu hii, na kutokana na swali hilo anagundua kwamba adui amelinunua jengo lote. Ndicho kipande ambacho watu hukitaja mpaka leo. Hakuna aliyetaja hata mara moja zile taa tulizokodi kwenye filamu.

Ninachotaka kusema, Ndugu Mwana wa Uyole, ni kwamba bajeti ndogo inageuka fedheha pale tu kisa kinapoandikwa kwanza kisha fedha zikatafutwa. Ukianza na kilichopo, yaani mlango, ngazi, sauti, watu wawili wasioaminiana, mtazamaji hawezi kujua ni nini hukuwa nacho.

---

Mkazi wa Tunduma

Samahani wakuu, nitatofautiana nanyi kidogo, kwa kuwa mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu na ninaona mnazungumza kana kwamba tamthilia ni rahisi.

Tamthilia ina bei nafuu kwa dakika. Kwa jumla haina. Tuseme, kwa mfano tu, episodi moja igharimu dola milioni 4, kiasi ambacho kwa kazi ya silaha, maleba na madoido ya kompyuta si kikubwa. Episodi kumi ni milioni 40, na hapo umeshafikia gharama ya ile ile filamu iliyokula hasara, isipokuwa sasa hakuna tiketi za kuuza mlangoni. Lazima apatikane mwenye chaneli au mwenye huduma ya mtandaoni atakayelipa kabla, na huyo atauliza maswali yake: watazamaji wangapi, umri gani, kwa nini nichukue jina ambalo kumbi zimelikataa mara mbili? Maana hata ile ya mwaka 1995, aliyoiigiza Sylvester Stallone kwa bajeti ya takriban dola milioni 90, haikumletea Dredd heshima Marekani. Sishangai kwamba tangazo la mwaka 2017 limebaki tangazo.

Kingine ni masharti ya umri. Filamu ya mwaka 2012 ilikuwa ya watu wazima, damu ikimwagika kwa mwendo wa taratibu. Ukiipeleka kwenye televisheni ya kawaida utalazimika kuikata makali, na Dredd bila makali ni trafiki tu.

---

Mwalimu wa Tukuyu

Ndugu wa Tunduma, hesabu yako ni sahihi, lakini inachukulia kwamba njia ni mbili tu, kumbi au televisheni yenye waigizaji. Nimekuwa nikisoma mada hii toka jana huku mvua ikitunyeshea bila kupumzika, na nashangaa hakuna aliyetaja njia ambayo ni karibu zaidi na asili ya kazi yenyewe, yaani filamu ya katuni.

Hellboy, yule shetani mwema wa katuni, ni mfano mzuri. Guillermo del Toro alitengeneza filamu mbili, mwaka 2004 na 2008, na katikati ya hizo, mwaka 2006 na 2007, zikatoka filamu mbili za katuni kwa ajili ya televisheni. Mchoro wake haufanani na filamu wala haufuati kwa karibu mkono wa mchoraji wa asili, Mike Mignola, na visa vyake havikuwa mwendelezo wa moja kwa moja. Hata hivyo Ron Perlman, Selma Blair na Doug Jones walirudi kuwapa wahusika wao sauti. Ukifumba macho, Hellboy ni yule yule. Mwigizaji wa sauti hahitaji miezi ya kujipodoa wala kurushwa na kamba, kwa hiyo hata yule ghali anaweza kupatikana. Hoja ya Fundi Kamera kuhusu sauti na kidevu inanifanya niamini kwamba Dredd angefaa zaidi kuliko hata Hellboy, kwani hana uso wa kuiga.

Tena jambo hilo limewahi kujaribiwa. Adi Shankar, aliyekuwa mmoja wa watayarishaji wa filamu ya 2012, alitoa mwaka 2014 katuni fupi ya sehemu sita mtandaoni iitwayo Judge Dredd: Superfiend, kwa hiari yake na bila kuuza tiketi. Haikuwa mwendelezo rasmi, na ladha yake ni ya wazimu kuliko filamu, lakini ipo, na ilitazamwa bure. Na mwendelezo wenyewe hasa ulirudi ulikotoka: kisa kiitwacho Underbelly, kilichochapishwa mwaka 2013 katika jarida ndugu la 2000 AD, kinawaendeleza Dredd na Anderson wa filamu katika kurasa za katuni. Kwa hiyo sehemu ya pili aliyoisubiri Mwana wa Uyole ilikwisha kutoka, isipokuwa haitembei.

Niseme jambo moja zaidi, ambalo naona ndilo kiini. Dredd hakuzaliwa kama kisa kirefu cha saa mbili. Alizaliwa kwa kurasa chache kila wiki, na kwa jinsi walivyomwandika, mwaka ukipita kwetu unapita na kwake, naye anazeeka. Sisi tuliosoma SANI tunaijua raha hiyo. Hatukumsoma Madenge kwa kitabu kizima; tulimsoma kidogo kidogo, gazeti likiwa limepita kwa dada, kwa mjomba na kwa kinyozi kabla ya kutufikia, kona zikiwa zimelika. Kisa cha namna hiyo kinapolazimishwa kuwa filamu kubwa hutafutiwa hatari kubwa isiyokuwa yake. Kinaporudishwa kwenye vipande, hata vya dakika kumi, kinarudi kwenye pumzi yake. Sioni fedheha hapo.

---

Mzee wa Mlandege

Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu vipande, sikubaliani kuhusu kuacha waigizaji. Vijana wangu wa kibandani walikuwa wakiona katuni wanaomba chenji yao.

Ila nimjibu kidogo wa Tunduma, asije akadhani tumemkimbia. Ni kweli jumla haipungui sana, lakini kuna namna ya kupunguza ukubwa wa kisa bila kumpunguza mhusika. Katika Peacemaker ya mwaka 2022, James Gunn alimchukua mhusika wa pembeni kutoka filamu yake ya mwaka uliotangulia, akaziandika episodi zote nane yeye mwenyewe, na John Cena akarudi. Timu yao ya kupambana na maadui wa kutisha imepanga makao katika duka kuukuu la kukodisha kanda za video! Mimi niliyeuza kanda nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha ipo The Penguin ya mwaka 2024, yenye Colin Farrell yule yule wa filamu ya The Batman, inayoanza wiki moja tu baada ya filamu kwisha. Bajeti yake si ya kimaskini hata kidogo, lakini angalia walichokifanya: Batman mwenyewe hatokei. Episodi nane za jiji la Batman bila Batman, na Cristin Milioti, aliyeigiza binti wa ukoo wa wahalifu, akatunukiwa tuzo ya Emmy. Mwandishi anapokuwa mmoja, mwigizaji akawa yule yule, na kisa kikawa cha mtaa mmoja badala ya dunia, hao wenye chaneli hufungua mikoba.

Kwa Dredd ningempa Anderson tamthilia. Yeye ana uso, ana mashaka, anasoma mawazo ya watu, na kusoma mawazo ya mtu aliyeketi kitini ni silaha isiyohitaji risasi wala gari. Dredd apite mara moja kwa wiki, asimame mlangoni, aulize swali moja, aondoke. Siku mbili za kurekodi kwa Karl Urban, zinatosha.

---

Fundi Kamera wa Kihesa

Mzee, hiyo ya kusimama mlangoni ninaiiba.

---

Mwana wa Uyole (mleta mada)

Shikamoo Mzee, shikamoo Mwalimu, na ndugu zangu wawili asanteni. Sikutegemea kujibiwa kwa kina namna hii, na nimeisoma mada yote mara mbili dukani nikiwa nimewasha jiko la mkaa miguuni.

Nakubali kwamba niliyaogopa yasiyotakiwa kuogopwa. Bado ndugu wa Tunduma amenibana katika jambo moja, nalo ni makali. Kitu kilichonikaa kichwani tangu Mwanjelwa ni ile dawa ya kulevya ya Slo-Mo, ambayo mtu akiivuta huona muda ukienda kwa mwendo wa sehemu 1 ya 100, maji yakaning'inia hewani kama shanga. Zile ni kamera maalumu za kasi kubwa na kazi nyingi ya kompyuta, na sioni tamthilia ya kujikuna inapojipata ikizimudu kila wiki. Nikajiuliza: ukiiondoa Slo-Mo, Dredd anabaki?

Basi Jumamosi nilifanya jaribio, kutokana na ile kauli ya Mwalimu ya kufumba macho. Niliwaita vijana wanne nyuma ya duka, nikaweka nakala isiyo na mtafsiri, tukaigeuza televisheni ikatazama ukutani, tukawa tunasikiliza tu. Walidhani nimechanganyikiwa. Lakini milango ilipofungwa na Ma-Ma akaanza kutangaza kwenye vipaza sauti vya jengo, hakuna aliyetikisika, hata yule asiyejua Kiingereza. Na kila Dredd alipojibu kwa ile sauti yake ya kukwaruza, mmoja wao alinong'ona "ni yeye" kana kwamba mtu amepita uchochoroni. Kwa sehemu kubwa ya filamu picha haikuhitajika.

Ilikuwa hivyo mpaka zilipofika sehemu za Slo-Mo. Hapo sauti inageuka muziki unaoelea, hakuna neno la kushika, na vijana wakaanza kulalamika kwamba hawaelewi nini kinatendeka. Mmoja akainuka akaigeuza televisheni, tukatazama, kisha nikairudisha. Tulifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu, Ma-Ma alipokuwa akianguka polepole kutoka juu ya jengo, hakuna aliyekubali irudishwe ukutani, na maandishi ya mwisho yalipoanza kupanda mdogo wao akaniuliza kama ninayo sehemu ya pili.